Mwongozo kamili: kutengeneza lenzi ya gredienti kwa kioo cha lithiamu, na njia ya infraredi

Vijiti ninavyoletewa vina kasoro moja. Kijiti kimekaa kwenye chumvi ya moto siku tatu, kimetoka kizima, kimekatwa na kung'arishwa vizuri, lakini ukikielekeza dirishani hakioneshi kitu. Aliyekioka alisoma mahali kwamba fulani alioka saa 72, naye akaoka saa 72. Kumbe kioo chake si kile, joto lake si lile, na kijiti chake ni kinene mara mbili. Nilifanya hivyo hivyo na kundi langu la kwanza, na vijiti 20 vikaishia kwenye kopo la taka.

Saa za kuoka hazinakiliwi. Zinapimwa kwenye kioo chako mwenyewe, kabla hujagusa kijiti kimoja cha kazi. Ndiyo maana hapa kipimo kinatangulia hesabu.

Kwa aliye mgeni: lenzi ya kawaida hupinda mwanga kwa umbo la uso wake. Lenzi ya gredienti, ambayo maabara nyingi huiita GRIN, inaweza kuwa kijiti chenye nyuso bapa. Namba yake ya mpindo, n, yaani kipimo cha jinsi kioo kinavyopinda mwanga, ni kubwa katikati na hupungua kidogo kidogo kuelekea ukingoni, hivyo mwanga hupinda ndani kwa ndani. Ni jambo lile lile la mazigazi ya saa saba mchana: hewa iliyogusa lami ni ya moto, n yake ni ndogo kuliko ya hewa ya juu, mwanga wa anga unapinda na kukufikia jichoni kama dimbwi la maji. Sisi tunayapanga mazigazi hayo ndani ya kioo kwa kukioka, yaani kukizamisha kwenye chumvi ya sodiamu iliyoyeyuka: ioni (atomi zenye chaji) za lithiamu hutoka ukingoni, na za sodiamu huingia mahali pake.

## Vitu vya kuwa navyo

Hii ni kazi ya maabara yenye kabati la kuvuta hewa. Si kazi ya jikoni wala ya uani.

- Vijiti vya kioo cha lithiamu na alumini silikati, kipenyo milimita 2, vyote vya kundi moja la uyeyushaji. Muuzaji akupe muundo wa kioo na joto lake la kulainika.
- Nitrati ya sodiamu safi ya daraja la maabara. Kadiria gramu 100 za chumvi kwa kila gramu 1 au 2 za kioo.
- Sufuria ya stenlesi yenye kifuniko, na kikapu cha waya wa stenlesi.
- Tanuri la umeme lenye kidhibiti joto, na themokapo (waya wa kupimia joto) ya pili inayozama ndani ya chumvi.
- Msumeno wa almasi wa mwendo mdogo, unga wa kabidi ya silikoni namba 600 na 1200, oksidi ya seriamu, na nta ya kugandishia vijiti.
- Mikrometa, hadubini, leza ya kijani ya nanomita 532 na intaferometa (kifaa kinachoonesha tofauti za n kama pete za mwanga na giza), hata ile ya kujiundia mezani.
- Ngao ya uso, glavu za joto, aproni ya ngozi na viatu vilivyofunika mguu wote.

Onyo. Nitrati iliyoyeyuka hulisha moto kwa oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo moto wake hauzimwi kwa kuufunika. Karatasi, mbao, mafuta, sukari, mkaa na unga wa alumini au magnesiamu visifike karibu. Tone la maji likiingia kwenye chumvi ya moto hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha usoni. Na usishawishike na chumvi za thaliamu, ingawa zinabadilisha n kwa kiasi kikubwa: thaliamu ni sumu kali, na kwa kujifunzia huihitaji.

## Kwa nini kioo cha dirisha hakifai

Hili naulizwa kila wiki, kwa sababu kioo cha dirisha ni bure na nitrati ya potasiamu inapatikana. Kuna vikwazo viwili, na kila kimoja peke yake kinatosha kuua kazi.

Kwanza, potasiamu ikiingia kwenye kioo cha kawaida na kutoa sodiamu, n ya ukingoni *hupanda*. Sisi tunataka ishuke. Utapata kijiti kinachotawanya mwanga.

Pili ni mwendo. Katika kioo hicho potasiamu husafiri polepole mno, na kijiti cha milimita 2 kingedai miaka kadhaa ndani ya chumvi. Lithiamu na sodiamu hubadilishana nafasi haraka zaidi, na hapo mwelekeo ni sahihi: lithiamu inayotoka ilikuwa imekibana kioo, sodiamu inayoingia inakiacha kitanuke kidogo, na n ya ukingoni inashuka.

## Hatua ya 1: Andaa chumvi

Kausha nitrati kwa nyuzi 120 za Selsiasi usiku mzima. Ipakie ikiwa kavu kwenye sufuria kavu, kisha pandisha joto taratibu. Inayeyuka nyuzi 308.

Fanya kazi kati ya nyuzi 400 na 450, ukibaki chini ya joto la kulainika kwa kioo chako. Ukipita hapo nitrati huanza kuvunjika, inatoa gesi na kuacha mabaki yanayokula uso wa kioo.

Amini themokapo iliyo ndani ya chumvi, si namba iliyo kwenye mlango wa tanuri. Tofauti ya nyuzi 10 inaweza kubadilisha mwendo wa ioni kwa kiasi cha moja ya tano. Kati ya siku tisa za kuoka tutakazozikokotoa kwenye Hatua ya 3, hiyo ni karibu siku mbili.

*Dalili njema:* chumvi ni angavu kama maji, unaona waya za kikapu hadi chini, na namba ya themokapo haichezi zaidi ya nyuzi 2 kwa saa nzima.

## Hatua ya 2: Kipimo cha awali, ambacho wengi hukiruka

Chukua kipande cha sentimita 3 cha kijiti kile kile utakachotumia. Kikaushe, kipashe moto juu ya chumvi kwa nusu saa ili kisipasuke kwa mshtuko, kisha kizamishe. Andika saa na dakika. Kitoe baada ya saa 24 kamili, kiache kipoe ndani ya tanuri jingine, ndipo ukioshe kwa maji ya vuguvugu.

Kata kipande chembamba kwa upana, kama sarafu, na ukisage pande zote mbili hadi unene wa milimita 0.2. Kiweke kwenye intaferometa yenye leza ya kijani na ukitazame kwa hadubini. Utaona katikati patupu na pete zimesongamana karibu na ukingo. Kila pete ni hatua moja ya kushuka kwa n.

Hesabu pete zote. Tuseme ni 6. Badiliko lote la n ni idadi ya pete mara urefu wa wimbi, gawanya kwa unene, vyote kwa milimita: 6 × 0.000532 ÷ 0.2 = 0.016.

Sasa tafuta mahali ambapo moja ya sita ya badiliko imefikiwa ukitokea katikati. Kwa pete 6, ni ile pete ya kwanza ya ndani kabisa. Pima umbali wake kutoka ukingoni, uuite x. Kasi ya msambao, yaani ya ioni kusambaa ndani ya kioo, ni:

D = x² ÷ (4 × muda kwa sekunde)

Ukipata x ya milimita 0.19 kwa saa 24, basi D = 0.0361 ÷ 345,600, yaani takribani 0.0000001 mm² kwa sekunde.

Namba hiyo ni yako, ya kioo chako na tanuri lako. Iandike kwenye ukuta wa maabara. Ukibadilisha kundi la kioo au joto, ipime upya.

*Dalili njema:* vipande viwili vilivyopimwa siku tofauti vinatoa D zisizopishana kwa zaidi ya asilimia 10. Zikipishana sana, tatizo liko kwenye joto, si kwenye hesabu.

## Hatua ya 3: Hesabu ya lenzi

Tunataka n ishuke kwa mraba wa umbali kutoka mhimili, kama bakuli lililopinduliwa. Ukioka muda mfupi, katikati hubaki bapa na ukingo unaporomoka ghafla. Hivi ndivyo vijiti ninavyoletewa. Ukioka mno, lithiamu ya katikati nayo inakwisha na nguvu ya lenzi inapotea.

Kipimo cha kukumbuka ni D × t ÷ a², ambapo t ni muda wa kuoka kwa sekunde na a ni nusu kipenyo. Nimekokotoa umbo la msambao kwenye silinda kwa thamani mbalimbali:

- Kwenye 0.06, katikati kumebaki asilimia 97 ya lithiamu, lakini umbo bado limevimba mabegani.
- Kwenye 0.08, katikati kuna asilimia 92, na umbo linafuata mraba kwa karibu sana hadi nusu ya njia kutoka katikati kwenda ukingoni. Baada ya hapo linaanza kuachana nao kidogo.
- Kwenye 0.2, katikati kumebaki nusu tu.

Lenga 0.08. Kwa a ya milimita 1 na D tuliyopima, t = 0.08 × 1 ÷ 0.0000001 = sekunde 800,000, sawa na saa 222. Siku tisa na robo, si tatu.

Muda hukua kwa mraba wa unene. Kijiti cha milimita 4 kingedai siku 37, cha milimita 1 saa 56 tu. Kama umeme wako hauaminiki, anza na cha milimita 1 hata kama kinasumbua mkononi.

Tofauti ya n kati ya katikati na ukingo itakuwa asilimia 92 ya 0.016, yaani karibu 0.015. Kama n ya katikati ni 1.55:

- g, yaani nguvu ya kijiti ya kupinda mwanga = √(2 × 0.015 ÷ 1.55) ÷ 1 = 0.139 kwa milimita
- wimbi zima la mwanga ndani ya kijiti (urefu ambao mwonzi unayumba kwenda na kurudi mara moja, si urefu wa wimbi wa leza) = 6.283 ÷ g = milimita 45.2
- robo ya wimbi = milimita 11.3
- urefu wa fokasi wa kijiti cha robo = 1 ÷ (1.55 × 0.139) = milimita 4.6
- mwanga unaopokelewa: hadi nyuzi 12 hivi kila upande wa mhimili

Kijiti cha robo ya wimbi hukusanya mwanga wa mbali kwenye uso wake wa nyuma kabisa. Cha nusu hupeleka picha ya uso mmoja hadi mwingine ikiwa kichwa chini. Cha wimbi zima huipeleka ikiwa wima. Kwa kujifunzia tengeneza cha robo, kwa sababu kinakaguliwa kwa macho.

## Hatua ya 4: Kuoka

Osha vijiti kwa sabuni, kisha maji yaliyotoneshwa, kisha alkoholi, na uache ikauke *yote*, mbali na tanuri. Alama ya kidole iliyobaki huacha doa ambalo ioni hazipiti sawasawa.

Vipange kwenye kikapu bila kugusana. Vilivyogusana hutoka na upande mmoja haukubadilika, na picha yake huvutika pembeni. Pasha moto juu ya chumvi, zamisha taratibu, funika.

Tikisa kikapu kidogo mara moja kwa siku. Lithiamu inayotoka huzunguka kijiti kama moshi na kupunguza kasi ya mabadilishano. Chumvi ikishatumika mara kadhaa hujaa lithiamu na n haishuki tena kama mwanzo; imwage, usiwe na huruma nayo.

Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha usiku wa manane, usifungue tanuri. Lililozibwa vizuri hukaa na joto kwa muda. Andika saa joto liliposhuka chini ya nyuzi 380 na saa liliporudi, kisha ongeza muda huo mwishoni, kwa kuwa kwenye joto la chini ioni hutembea kidogo sana. Hatari kubwa ni chumvi kuganda huku vijiti vikiwa ndani: inaposinyaa inavivunja kama njiti za kiberiti. Ukiona joto linakaribia nyuzi 320 na umeme haujarudi, toa kikapu na ukihamishie kwenye sanduku la pamba ya madini lililopashwa moto. Vijiti vitapona.

## Hatua ya 5: Kupoza

Hapa hupotea vijiti vingi vilivyookwa sawasawa. Ukingo sasa una sodiamu, ioni kubwa kuliko lithiamu, na hautanuki kwa joto sawa na katikati. Vinapopoa, tabaka hizi zinavutana.

Inua kikapu, acha chumvi ichuruzike, kiweke kwenye tanuri la pili lenye joto lile lile, na ushushe nyuzi 10 kwa saa hadi 200. Baada ya hapo zima na uache lipoe lenyewe hadi kesho.

Kukagua mvutano si lazima ununue kifaa. Weka kijiti mbele ya skrini nyeupe ya kompyuta ya LCD na ukitazame kupitia miwani ya jua yenye polaroidi, ukiizungusha hadi skrini iwe nyeusi. Kijiti kikitulia, utaona mwanga hafifu uliolingana pande mbili. Mistari myeupe mikali au rangi za upinde wa mvua zinasema kitapasuka kwenye msumeno. Kirudishe tanurini na ukipoze upya, polepole zaidi, lakini usikikalishe kwenye joto la juu: ioni bado zinatembea humo.

## Hatua ya 6: Pete zinasemaje

Toa kijiti kimoja kafara. Kata sarafu ya milimita 0.5, ing'arishe, irudishe kwenye intaferometa. Kwa lenzi yetu unategemea pete 14 hivi.

Pima nusu kipenyo cha kila pete na uinue kwa mraba. Chora mraba huo dhidi ya namba ya pete. Ikiwa n imeshuka inavyotakiwa, nukta zinajipanga kwenye mstari ulionyooka.

Mstari ukipinda karibu na katikati na pete zikisukumwa nje, muda haukutosha: rudisha vijiti vilivyobaki kwenye chumvi. Ukipinda ukingoni tu, ni kawaida. Tumia asilimia 70 hadi 80 ya kipenyo na uzibe ukingo kwa rangi nyeusi. Pete zikiwa za yai badala ya duara, vijiti viligusana au chumvi haikutikiswa.

Rudia kipimo kwa leza nyekundu na ya buluu kama lenzi ni ya picha za rangi. Badiliko la n halilingani kwa kila rangi, na g ya buluu ikitofautiana sana na ya nyekundu, picha itakuwa na ukingo wa rangi hata umbo likiwa zuri.

## Hatua ya 7: Kukata na kung'arisha

Gandisha vijiti kwa nta ndani ya kizuizi, vyote vikisimama wima, na ukate kwa maji mengi. Kata milimita 11.8, si 11.3. Kilichozidi kinasagwa, kilichopungua hakirudi.

Saga kwa 600, kisha 1200, kisha ng'arisha kwa oksidi ya seriamu. Kila unapobadili unga, osha kila kitu, hata mikono na meza. Chembe moja ya 600 iliyobaki kwenye pedi ya kung'arishia itakuharibia saa tatu.

Kila unapopunguza milimita 0.1, simama na ufanye jaribio la dirisha.

## Hatua ya 8: Jaribio la dirisha

Simama mita mbili au tatu kutoka dirishani, mchana. Elekeza uso wa mbele wa kijiti kwenye mwanga na utazame uso wa nyuma kwa lenzi ya kukuzia.

Kijiti kikiwa kirefu kuliko robo, picha imeundika ndani ya kioo na unaona ukungu mweupe tu. Ukikaribia urefu sahihi ukungu unakusanyika. Halafu, kwenye duara la milimita 2, nondo za dirisha zinajitokeza moja moja, nyembamba kama nywele, na mnazi wa nje umening'inia kichwa chini. Ukiona hivyo, acha kusaga.

Nondo zikiwa kali katikati na zimepinda ukingoni, ziba ukingo zaidi. Zikiwa kali zilizo wima na hafifu zilizolala, n haishuki sawa pande zote. Rudi kwenye pete.

## Kwa wanaotaka infraredi

Kamera za joto huona urefu wa wimbi wa mikromita 8 hadi 14, na kioo chochote cha silikati hapo ni ukuta. Huwezi kuitumia njia iliyo juu, wala huwezi kutia kioo cha infraredi kwenye nitrati, itakiunguza.

Vioo vinavyofaa ni vya salfa, seleniamu, aseniki na jemaniamu. As₂Se₃, yaani kioo cha aseniki na seleniamu, kwa mfano, ina n ya karibu 2.8. Inayoshika vizuri ni njia ya tabaka, ambayo Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani imeifanyia kazi sana:

1. Chagua vioo viwili au zaidi vyenye n tofauti lakini joto la kulainika na mtanuko vinavyokaribiana. Visipokaribiana vitaachana wakati wa kupoa. Wengi hushindwa hapa, wakivutiwa na tofauti kubwa ya n.
2. Kata sahani nyembamba, zing'arishe, zipange kuanzia n kubwa hadi ndogo.
3. Zikandamize ndani ya nitrojeni au ombwe, juu kidogo ya joto la kulainika, hadi ziungane. Ziache hapo elementi zisambae na mipaka ififie. Kipimo cha awali cha D kinahitajika hapa pia, pamoja na uangalifu kwamba kioo kisianze kuota fuwele.
4. Ukikandamiza kwenye kalibu bapa, n itabadilika kutoka mbele kwenda nyuma. Kwenye kalibu iliyopinda, tabaka zitapinda nazo, na hapo utapata nguvu ya lenzi ndani ya kioo chenyewe.
5. Poza polepole, kisha chonga nyuso kwa mashine ya almasi.

Onyo. Aseniki. Usipashe moto vioo hivi hewani, usisage vikiwa vikavu, na maji ya kusagia yasimwagwe kwenye sinki. Kama maabara yako haina sanduku la glavu na utaratibu wa taka za sumu, ishia kwenye lithiamu.

As₂Se₃ ni nyeusi machoni, kwa hiyo jaribio la dirisha halipo. Weka lenzi mbele ya kihisi cha kamera ya joto na umwombe mwenzako anyanyue mkono umbali wa mita mbili: vidole vitano vilivyoachana ni kazi nzuri. Picha itakuwa hafifu mwanzoni, kwa sababu kwa n kubwa hivyo kila uso huakisi asilimia 22 ya nishati, na zaidi ya theluthi moja haipiti kabisa. Usirudi kubadilisha muda wa kuoka kwa sababu hiyo. Peleka lenzi ikapakwe tabaka la kuzuia mwakisiko, kisha uangalie vidole tena.